Chaki Kwenye Ukuta wa Mama

Fundi umeme alikuwa aje Jumamosi. Kuanzia Jumatano nyumba yetu ya Kinjumbi ilifagiliwa, ikapakwa chokaa, ikapekuliwa kila pembe kana kwamba anayekuja ni mkuu wa mkoa na msafara wake. Aliyeshika fagio la chelewa ni mimi, na hasira niliyokuwa nayo siku zile haijaisha mpaka leo. Nikisikia harufu ya chokaa mbichi, hata kama ni kwa watu, roho inanichafuka.

Niseme kwanza mambo yalivyokuwa. Baba yangu alikuwa amefariki mwanzoni mwa msimu wa kupulizia mikorosho, na mama alikuwa bado yuko edani. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani ya nyumba ya mumewe, hapaki wanja, hajifukizi, haonani na mwanamume asiye maharimu yake. Mimi naishi Rasbura, Lindi mjini, nashona nguo. Nilifunga cherehani yangu nikaja kukaa naye, nimpikie, nimchotee maji, nimsikilize akitaka kusema na ninyamaze akinyamaza. Alinyamaza sana, mama yangu, wiki zile. Alikaa kitandani na tasbihi yake, dirisha limefungwa nusu, na ukimwuliza jambo anakujibu, "Sawa, mwanangu." Ukimpa uji, sawa. Ukimnyima, nadhani pia angesema sawa.

Nguzo za umeme zilikuwa zimeshafika msikitini. Watu wa nguzo walipita wakitangaza kwamba nyumba ambayo haijatandazwa nyaya ndani wataiacha, na wakishaondoka na gari lao, kurudi si leo wala kesho. Basi kila mwenye bati alikuwa anatafuta fundi. Wa kwetu alikuwa anatoka Nangurukuru, na hiyo ziara ya kwanza ilikuwa ya kupima tu. Aone vyumba, ajue taa zinakaa wapi na swichi wapi, aseme inunuliwe waya kiasi gani, aondoke zake. Siku nyingine ndiyo angekuja kufanya kazi yenyewe.

Mwenye kusimamia yote alikuwa baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba. Ana nyumba yake, ana mke wake, lakini tangu siku ya mazishi alikuwa hakauki kwetu. Ni mtu wa msikitini sana. Kwenye misiba yeye ndiye anayewasahihisha watu, usikae hivi, usivae hivi, hitima haisomwi hivyo. Watu wanamwogopa kidogo na kumheshimu kidogo, na yeye anaona ni heshima tupu. Zamani kwetu mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya nyumba ya dada yake, lakini wajomba zangu wote wametangulia mbele ya haki. Upande wa mama hakubaki hata mmoja wa kukohoa akasikika. Alikuwapo kaka yangu, mkubwa wangu, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ile, na kaka yangu ni mtu mzuri, ila ukimwambia jua ni bluu anatazama juu kwanza, halafu anasema huenda.

Jumatano hiyo baba mdogo alileta ngazi ya msikitini. Nilipoiona imeegemezwa ukutani nilikaa chini barazani nikaitazama. Baba alilala mgonjwa masika nzima chini ya bati linalovuja, karai limewekwa miguuni pake kupokea maji, na kila nikipiga simu kutoka Lindi naambiwa ngazi haijapatikana. Sasa ngazi imepatikana. Imepatikana ili popo wafukuzwe juu ya kenchi, mgeni wa Nangurukuru asije akachafuliwa shati. Nyigu waliojenga juu ya mlango wa mbele tangu sijaolewa wakachomwa moto. Kuku wakahamishiwa kwa jirani. Ukazuka na mjadala mzito, fundi akija ale nini. Baba mdogo akasema wali wa nazi na jogoo. Jogoo gani? Jogoo wa mama, yupo mwingine?

"Hivi fundi anakuja kupima nyumba au anakuja kuposa?" nikauliza.

Kaka alicheka. Baba mdogo hakucheka. Akaniambia nimalize kufagia ukumbi.

Sasa kuna desturi iliyoingia kijijini tangu habari za nguzo zianze. Mafundi wanalalamika kwamba watu wa huku hawajui wanachotaka. Fundi anafika, mume anasema taa iwe hapa, mke anasema pale, bibi anasema umeme hautaki kabisa, na siku inakwisha kwa mabishano. Kwa hiyo watu wakaanza kuweka alama za chaki kabla fundi hajaja. Duara ni taa. Mstari mfupi ni swichi. Mraba ni soketi. Ukienda nyumba yoyote Kinjumbi wakati ule ulikuta kuta zimechorwachorwa kama darasa la chekechea. Si desturi mbaya. Inaokoa muda, na watu wanagombana mapema, wenyewe kwa wenyewe, bila mgeni.

Kwetu chaki alikuwa nayo kaka. Baba mdogo alimwelekeza ukumbini, sebuleni, chumba cha wageni, barazani. Chumbani kwa mama baba mdogo hakuingia. Shemeji si maharimu, na mama yuko edani, na baba mdogo ni mtu wa dini. Alibaki ukumbini nyuma ya pazia, akamtuma kaka aingie peke yake, kwa sababu mtoto kwa mama yake hana kizuizi.

Mimi nilikuwa nje nakung'uta mikeka. Niliporudi na bakuli la maji ya kunawa nikamkuta kaka anachora. Mama amekaa kitandani, tasbihi mkononi, anamwangalia. Juu hakukuwa na duara hata moja. Chini, karibu na dirisha, kulikuwa na mraba mkubwa, na pembeni yake mwingine, na upande wa pili mwingine tena. Nikasimama. Nyumba ile ilikuwa na miraba miwili mitatu yote kwa jumla, ya simu na ya redio, halafu chumba cha mwanamke mwenye koroboi moja na tasbihi kimejazwa miraba.

"Hii ya nini?" nikamwuliza kaka.

"Ya friza."

"Friza ya nani?"

Kaka aliitazama chaki yake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Mama akavuta shanga moja, kisha nyingine.

Nilitoka na bakuli langu mkononi, maji yanamwagika njia nzima, mpaka barazani alipokuwa amerudi kuketi baba mdogo.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ukumbi umeshaisha?"

"Umeisha. Nimeona chaki chumbani kwa mama. Friza ya nani?"

Hakubabaika. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba hakubabaika hata kidogo. Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto mgonjwa, kwamba dirisha la chumba kile linaangalia barabara. Umeme ukija, pale ni mahali pa biashara. Soda za baridi, maji ya baridi, barafu za kuwauzia wenye samaki. Kaka yangu angekaa dirishani akapata pa kushika. Sifurahi kaka yangu akipata riziki?

"Na mama?"

"Mama yako yuko edani. Haya si mambo ya kumsumbua nayo mjane. Tumwache na msiba wake."

"Siulizi yuko wapi. Nauliza atalala wapi."

"Mtu mmoja, chumba kikubwa vile, cha nini? Patatengenezwa huko uani. Mtu mzima anataka utulivu." Kisha akaongeza, kama jambo dogo lililomjia wakati huo huo: "Na Ijumaa jioni itabidi ahamie jikoni kabisa, maana Jumamosi fundi ataingia vyumbani, naye haifai kuonwa na mwanamume wa kando."

Jiko letu liko uani. Ni banda la miti na udongo, limeezekwa makuti, limejaa moshi wa tangu enzi za bibi. Mama ana pumu. Akipika humo alikuwa anatoka nje kila baada ya muda kuvuta hewa, na baba alikuwa akimtania kwamba anapika kwa awamu.

Nikamwambia baba mdogo, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya adabu, kwamba nyumba ina vyumba vinne. Fundi akipima chumba cha mama, mama akae cha jirani. Fundi akienda cha jirani, mama arudi chake. Fundi ni mmoja, hawezi kuwa vyumba vyote kwa mpigo. Hakuna haja ya kumtoa mtu nje ya nyumba yake akalale na masufuria.

"Wewe umekaa mjini sana," akaniambia. "Huku tunalinda heshima ya mama yako."

Heshima. Mtu anataka chumba cha mjane aweke friza, halafu anakuambia heshima. Na anakuambia huku anahesabu tasbihi. Wallahi nilitamani nimmwagie lile bakuli la maji, na kilichonizuia si malezi mema, ni kwamba lilikuwa limeshabaki tupu.

Alhamisi asubuhi nilikwenda jikoni kuwasha moto nikakuta kaka anakandika. Amechanganya udongo mwekundu, amejaa matope mpaka viwiko, anaziba nyufa zote ambazo mama aliomba zizibwe miaka yote niliyomjua. Aliukandika ukuta vizuri, laini, kwa ndani na kwa nje. Alikuwa ameweka na vigingi vya kutundikia nguo.

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, kama nilikuwa bado sijaelewa. Mtu hakandiki jiko kwa ajili ya mama yake kujisitiri asubuhi moja. Walikuwa wanamjengea. Angetoka chumbani Ijumaa kwa kisingizio cha fundi, Jumamosi chumba kingepimwa cha friza, na baada ya hapo nani angemrudisha? Eda ingekwisha akiwa huko, na siku ya kutoka edani angekuta kila mtu ameshazoea kwamba mama ni wa jikoni.

"Kaka," nikamwambia, "mama amekutendea baya gani?"

"Si mimi. Baba mdogo ndiye..."

"Baba mdogo ana udongo mikononi?"

Akatazama mikono yake. Macho yalimlenga machozi, na mimi sikumhurumia hata chembe. Nasema kweli. Kulia ni rahisi. Angeweka lile beseni la udongo chini akaenda barazani akasema hapana, hilo ndilo nililolitaka, na hilo hakulifanya.

Nikaenda kwa mama. Nikamweleza yote, nikipandisha sauti makusudi ili wasikie ukumbini. Nikamwambia asikubali kuhama. Nikamwambia akatae tu, aseme sitoki, nione ni nani atakayembeba. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akanivuta karibu, akanifunga kilemba changu kilichokuwa kimelegea.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Na Ijumaa, baada ya alasiri, walipofungua kitanda cha mninga alicholalia na baba maisha yao yote, wakakipitisha ukumbini vipande vipande, mama alijifunika ushungi wake akawafuata. Mwenyewe, kwa miguu yake. Alibeba mto mkononi. Majirani wanawake waliokuwa wamekuja kumpa pole wakaniambia nifanye subira, mwanamke ni kuvumilia, na mwenzangu mmoja akanong'ona kwamba angalau jiko limekandikwa vizuri. Nikamwambia kama analipenda sana ahamie yeye. Nilimkasirikia mama pia siku hiyo, nisifiche. Nililala naye humo, ubavu kwa ubavu, ukuta unanuka udongo mbichi, yeye anakohoa na mimi nasaga meno.

Jumamosi fundi akaja na pikipiki, asubuhi jua limeshapanda. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, ana haraka, mfukoni mwa shati ameweka penseli, na hakuwa na habari na chokaa yetu hata kidogo. Hakutazama juu kuona kama kuna popo. Aliletewa kiti, akakataa. Akaambiwa jogoo yuko jikoni, akasema atakula akimaliza, ana nyumba nyingine. Ningecheka kama ningekuwa na kicheko.

Wazee kadhaa wa msikitini walikuwa wamekuja kutazama, maana kwa wengi wao fundi umeme akipima nyumba lilikuwa jambo geni, na walitaka wajue kwao itakuwaje. Akiwamo mzee anayetuswalisha. Baba mdogo alifurahi kuwaona. Akawakaribisha, akatembea mbele, na fundi nyuma yake, na wazee nyuma ya fundi, kaka nyuma ya wazee, kutoka chumba hadi chumba. Mimi nilikaa uani kwenye mlango wa jiko, ambako nilikuwa nimetundika kanga iwe pazia. Mama alikuwa upande wa ndani. Nilisikia yote, kwa sababu ukumbi wetu umenyooka kutoka barazani mpaka uani na sauti inapita.

Walifika chumbani kwa mama. Nikasikia fundi anauliza, "Humu kuna nini, mbona soketi nyingi na taa hakuna?" Nikasikia baba mdogo anasema hapo patakuwa biashara, taa aweke moja nje kwa ajili ya wateja. Nikasikia fundi anapiga hatua za kupima.

Halafu wakatoka wote uani, kuona taa ya nyuma ikae wapi. Baba mdogo akanyoosha mkono juu ya mlango. Fundi akaandika. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya kanga, si kubwa, lakini wazi.

"Fundi."

Fundi akageuka, akatafuta sauti imetoka wapi. Nikamwonyesha pazia kwa kidevu.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia."

"Nimeshapoa, mama."

"Na huku niliko mimi, utaniwekea taa ngapi?"

Fundi akatazama banda lile, akatazama juu. Akatikisa kichwa.

"Huko siwezi kuweka kitu, mama. Hayo makuti. Cheche moja tu, mnaungua wote na majirani. Na watu wa nguzo wakikuta waya kwenye makuti, nyumba nzima hawaiwashi. Mimi nimeitwa kupima nyumba. Hilo ni jiko."

"Si nyumba?"

"Si nyumba, mama. Ni jiko."

"Hebu sema tena kwa sauti kidogo, mwanangu. Hapo wapo wazee, na masikio yetu ni ya zamani."

Fundi akarudia, kwa sauti, bila kujua anarudia nini. Baba mdogo akafungua mdomo, lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Asalaamu alaykum, wazee," akasema. Wakaitikia. "Mimi ni mjane wa ndugu yenu. Mume wangu alifia ndani ya nyumba ile, na eda yangu niliianzia ndani ya nyumba ile. Tangu jana jioni nimelala hapa. Shemeji alinitumia maneno kwamba hapa napo ni nyumbani, nisiwe na wasiwasi. Fundi anasema hapa si nyumba. Sasa mimi sikusoma, niambieni nyie mliosoma. Niko edani, au nimetolewa?"

Nilimtazama baba mdogo, mtu aliyewasahihisha watu kwenye misiba ya kijiji kizima, na uso ulikuwa umemshuka.

"Ni kwa ajili ya fundi," akasema. "Kwa siku moja tu, asionwe."

"Siku moja," mama akasema kutoka ndani. "Na udongo huu umekandikwa wa siku moja?"

Mzee anayetuswalisha akasogea, akaweka kidole ukutani. Ulikuwa bado mbichi. Kidole kikazama, akakitoa kimejaa matope mekundu, akakitazama, kisha akamgeukia baba mdogo.

"Mwanamke wa eda hatolewi nyumbani kwa mumewe," akasema. "Wewe ndiye uliyetufundisha hilo msiba uliopita. Kitanda kirudi."

Aliyeanza kutembea ni kaka. Alipita mbele ya baba mdogo bila kumtazama, akaingia jikoni, akatoka na ubao wa kichwani wa kitanda ameuweka begani. Sijui alikuwa anafikiri nini, sikumwuliza, ila alirudi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akichukua kitu kimoja kimoja, mpaka mto akaubeba yeye.

Wazee wakarudi barazani, fundi akaombwa asubiri nao, akasubiri huku anaangalia simu yake. Mama akavuka uani na ushungi wake akaingia chumba cha jirani, na pazia likashushwa. Fundi akaingia chumbani mwake kupima upya. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hivyo tu. Hivyo hivyo nilivyosema tangu Jumatano, mbele ya mtu mwenye akili zake timamu, nikaambiwa nimekaa mjini sana.

Yeye akipima, mimi nililowesha ncha ya kanga nikafuta ile miraba. Chaki haitoki vizuri kwenye chokaa mpya, inabaki ukungu, na nilisugua mpaka mkono ukauma. Nikaenda penye pazia la chumba cha jirani nikamwuliza mama taa aitaka wapi.

"Katikati. Na swichi iwe kitandani, upande wangu, nikinyoosha mkono niifikie."

"Na soketi?"

"Moja. Ya simu. Nikupigie nikitaka kugombana na wewe."

Fundi alikula jogoo. Nasikitika kusema alikuwa mtamu.

Jioni, kitanda kimeshafungwa tena mahali pake na mama amekaa juu yake, nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Siku zote zile naumia, nasaga meno, nagombana na kila mtu, na yeye anaitikia sawa, mwanangu, sawa, mwanangu.

"Ningekuambia ungewapasha Alhamisi ile ile," akasema. "Wangejipanga. Mdomo wako naujua tangu upo mgongoni."

"Na ungejuaje fundi atasema si nyumba?"

"Watu wa nguzo walipopita tena Jumatano walitangaza, makuti hayawekwi waya. Nyie mlikuwa mnakimbizana na popo." Akavuta shanga. "Mimi nilikuwa nimekaa dirishani."

Eda ilikwisha. Mama akaogeshwa, akavaa kanga mpya, akatoka barazani akasalimiana na watu. Nikarudi Rasbura kwenye cherehani yangu. Umeme ukawashwa baadaye kidogo, na kaka anamnunulia mama umeme wa mita mwenyewe, hajawahi kusubiri aambiwe. Baba mdogo huja kusalimia. Anaketi barazani, anasema na wapitao, na nimesikia mara moja kwa masikio yangu akimwambia mtu kwamba pale dirishani friza ingekaa vizuri sana. Hata haya hana.

Mwaka huu nilikwenda kumwona mama. Nilifika mchana, jua la kupasua kichwa, madirisha yote wazi, na taa ya chumbani kwake inawaka. Nikadhani amesahau. Nikanyoosha mkono kuizima.

"Iache," akasema.

"Mama, mchana huu? Unamaliza umeme wa kaka bure."

Alikuwa anasuka ukili, hakuinua macho.

"Iache iwake," akasema. "Wanaopita wajue chumba kina mtu."